Kutua na Kutuliwa: Habari za Ndege Zilizoshuka Pasipo Uwanja

Neno kutua lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Jua hutua, ndege wa mwitu hutua juu ya tawi, na mtu aliyejitwika mzigo huutua. Katika maana hii ya tatu mna jambo lisilofaa kupitwa upesi. Mwenye mzigo mzito kichwani aghalabu hawezi kuutua peke yake pasipo kuumwaga au kuuvunja. Husimama mlangoni akasema, "Nitueni," na waliomo ndani hutoka wakampokea. Ndiyo maana katika miaka hii yetu Serikali ya Tanzania ilipotaka kuvieleza vijiji makusudi ya miradi ya maji ilisema nia yake ni kumtua mama ndoo kichwani: mama ndiye mbebaji, na mtuaji ni mtu mwingine.

Marubani wamelichukua neno hili kwa ndege, lakini wamelichukua nusu. Twasema rubani ametua, kana kwamba kazi yote ilikuwa yake. Katika uwanja uliotengenezwa kosa hili la lugha halina madhara, kwa kuwa wapokeaji wamekwisha kufanya kazi yao zamani: wamesawazisha ardhi, wamewasha taa, wameweka magari ya kuzima moto. Lakini ndege ishukapo mahali pasipo uwanja, shambani, nyikani au majini, ndipo ile nusu ya pili inapodai haki yake. Nia yangu katika insha hii ni kuitazama nusu hiyo katika habari za karne moja, hasa za kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu naona historia ya urubani imemwandika mbebaji kwa wino mwingi na mpokeaji kwa wino haba.

Yafaa kuanza na ile ndege ambayo kutua nje ya uwanja kwake si ajali bali ni sehemu ya desturi yake, yaani ndege isiyo na injini, iitwayo glaida. Chombo hiki huvutwa mpaka juu kwa kamba, kisha huachiwa kikajitafutia hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, kama afanyavyo tai. Hewa hiyo ikikosekana, hapana la kufanya ila kushuka. Glaida nzuri za siku hizi, zikiwa juu ya ardhi kwa mita 1,000 katika hewa iliyotulia, zaweza kwenda kilomita 40 na zaidi kabla ya kugusa chini; eropleni kubwa ya abiria iliyozimika injini zake haifiki hata nusu ya mwendo huo. Kwa hiyo rubani wa glaida hufundishwa tangu mwanzo kuishi na swali moja kichwani: ikiwa hewa itaniacha sasa hivi, nitashuka wapi?

Sanaa hii ina uhusiano na nchi yetu kwa njia ya kando. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ndio uliomnyang'anya Mjerumani makoloni yake, Mwanza ikiwamo, ambayo majeshi ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuitwaa Julai 1916. Mkataba huo huo ulimzuia Mjerumani kuwa na jeshi la anga na ukambana katika utengenezaji wa ndege za injini. Vijana wake waliopenda kuruka wakakusanyika mwaka 1920 juu ya mlima wa Wasserkuppe na glaida zao za miti na nguo, na huko mazoea ya kushuka shambani yakageuka elimu yenye kanuni.

Kanuni zenyewe si nyingi, wala hazihitaji hesabu kubwa. Chagua shamba ungali juu, maana kila dakika ya kusitasita hupunguza mashamba unayoweza kuyafikia. Tazama upepo watoka wapi, ili ushuke ukiukabili. Shamba liwe refu, na kama lina mteremko, shuka ukipanda nao. Tafuta nyaya, na usipoziona, tafuta nguzo, kwa sababu waya haionekani kutoka juu lakini nguzo huonekana, na penye nguzo mbili pana waya kati yake. Tazama mifugo. Na ukisha kuamua, usibadili nia. Marubani wengi waliovunjika mifupa walikuwa na shamba jema la kutosha wakaliacha dakika ya mwisho kwa kuona jingine jema zaidi.

Mtu akizichukua kanuni hizi akasimama nazo Pasiansi, kaskazini ya mji wa Mwanza, kwenye njia iendayo uwanja wa ndege, ataona mara moja ugumu wa mahali. Upande mmoja vilima vya mawe, ambayo mengine yameketi juu ya mengine kama vyungu vilivyopangwa. Upande wa pili ziwa. Katikati mna nyumba, barabara na nguzo za umeme, maana jiji limekua likaufuata uwanja. Zilipo nafasi za wazi, nyasi huficha mawe. Rubani aliyepungukiwa hapa hana shamba; ana ziwa tu. Na maji yakitulia kama kioo ni hadaa kubwa kuliko nyika, kwa sababu jicho halina alama ya kupimia, na mtu hudhani yu juu kumbe anakaribia kugusa. Usiku taa za wavuvi wa dagaa huonekana juu ya maji kama mji mwingine, na hadaa ikawa mbili.

Mambo haya waliyatambua mapema watu wa kwanza waliotaka kuivuka Afrika kwa eropleni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza ilituma watu kupima njia ya anga kutoka Cairo mpaka Cape Town. Injini za siku zile hazikuaminika, na kwa ajili hiyo hawakuridhika na viwanja vya vituo vikubwa peke yake, bali waliagiza na viwanja vya dharura kati yake, ili rubani ambaye injini imemwacha awe na mahali pa kukimbilia. Jumla vilipita 40. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilipita katika nchi za miombo na nyika, na adui mkubwa wa viwanja hakuwa mti wala simba, bali kichuguu.

Msomaji aliyekulia bara hahitaji kuambiwa ugumu wa kichuguu cha mchwa kilichozeeka. Kutoka juu chaonekana kama kivuli kidogo. Gurudumu likikigonga, ni ukuta. Huko Ndola, katika nchi inayoitwa leo Zambia, watu kama 700 walifanya kazi tangu Aprili mpaka Agosti 1919 kukisafisha kiwanja kimoja, wakaondoa udongo wa vichuguu upatao tani 25,000. Tukigawanya, kila mmoja alibeba yapata tani 36 kwa miezi mitano. Hao ndio waliotua ndege Ndola, ingawa wakati huo hapakuwa na ndege hata moja iliyokuwa imefika. Vitabu vimetaja hesabu yao na uzito wa udongo wao, majina hayamo.

Marubani waliokuja baadaye majina yao yamo. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari 1920 katika eropleni waliyoiita Silver Queen. Ya kwanza ilivunjika Korosko, katika bonde la Nile. Wakapewa ya pili, nayo ikavunjika Bulawayo. Wakafika Cape Town tarehe 20 Machi katika ya tatu. Wenzao wa gazeti la The Times, waliokuwa na mtaalamu wa wanyama Chalmers Mitchell, walifika mpaka Tabora, na hapo tarehe 27 Februari eropleni yao ikaharibika ilipokuwa ikiondoka, isiruke tena. Walinusurika. Katika habari hizi kuvunjika kwa ndege hakukuwa jambo la ajabu. La ajabu lilikuwa kufika.

Miaka kumi na moja baadaye ziwa lenyewe likafanywa uwanja. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila juma kutoka London, na mwisho wa safari hiyo ulikuwa Mwanza. Kwa muda usiotimia mwaka, mpaka njia ilipoendelezwa hadi Cape Town Januari 1932, mji wetu ulikuwa kikomo cha safari za anga za dola ile katika Afrika. Kwa sehemu ya njia hiyo, kutoka Khartoum kuja Ziwani, zilitumika ndege za majini za aina ya Calcutta, zenye injini tatu na tumbo kama la mashua. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: Nile na maziwa ni uwanja mrefu usiohitaji kufukuliwa vichuguu. Kila penye maji, ndege yaweza kushuka.

Hoja hiyo ni kweli nusu. Ndege ya majini haikushuka popote penye maji. Ilishuka penye maji na watu. Kabla haijagusa, boti ilitangulia kukagua njia isiwe na magogo wala mitumbwi, na baada ya kugusa ilipokewa ikafungwa kamba. Ukiondoa wapokeaji hao, maji hurudia tabia yake. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935, ndege ya aina hiyo hiyo ya Calcutta, jina lake City of Khartoum, ilikuwa dakika chache tu kabla ya kufika Alexandria injini zake zote tatu zilipokosa mafuta. Ikashuka baharini gizani. Ilikuwa chombo kilichoundwa kwa maji, karibu na bandari kubwa, na bado watu 12 kati ya 13 walikufa. Rubani peke yake aliokolewa na manowari ya Brilliant, baada ya kuwa majini yapata saa tano. Nayatilia mkazo masaa hayo matano kuliko kuzimika kwa injini.

Kisa cha mwaka 1954 ni cha namna nyingine, nacho kina kichekesho chake. Tarehe 23 Januari mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary walikuwa wakitazama maporomoko ya Murchison nchini Uganda katika eropleni ndogo ya Cessna, rubani wao akiwa Roy Marsh. Ndege iligonga waya wa simu uliokuwa umeachwa, naye Marsh akaishusha porini. Walilala mwituni, wakaokotwa siku ya pili na boti iliyowapeleka Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko Butiaba ndiko kulikokuwa na kiwanja, na eropleni nyingine ikiwangoja. Ilipojaribu kuruka ikaanguka na kushika moto, na Hemingway akaumia sana kuliko alivyoumia porini, huku magazeti ya dunia yakitangaza kifo chake. Basi pori liliwahifadhi na kiwanja kikawaunguza. Sitaki kujenga kanuni juu ya kisa kimoja, lakini chatosha kutuonya tusidhani kwamba usalama umo katika jina la mahali.

Mwaka 1996 una uzito wake katika kumbukumbu za Mwanza, na ni lazima nipite hapo kabla ya kurudi kwenye ndege. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiikaribia Mwanza. Ilielea kwa muda ikiwa imegeuka chini juu, na waliofungiwa ndani walikuwa bado wakigonga. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu hilo, nayo ikazama. Mpokeaji asiye na elimu ya kazi yake, hata akiwa na huruma yote, aweza kuuangusha mzigo.

Miezi sita baadaye, tarehe 23 Novemba, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, Boeing 767, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakamwamuru nahodha Leul Abate awapeleke Australia. Walikuwa wamesoma katika gazeti la abiria kwamba ndege ya aina hiyo yaweza kufika mbali kiasi hicho, nao wakakataa kuamini kwamba mafuta ya safari ya Nairobi si mafuta ya safari ya Australia. Nahodha, ambaye alikuwa amekwisha kutekwa mara mbili kabla ya siku hiyo, hakufuata njia ya bahari kuu. Aliambaa na pwani ya Afrika Mashariki kwenda kusini, kisha akaelekea visiwa vya Komoro. Hapo injini zikazimika. Boeing ya tani nyingi ikawa glaida, bila ya rubani wake kuwa na uhuru wa rubani wa glaida, yaani uhuru wa kuchagua mapema. Uwanja wa Ngazija ulikuwa karibu, lakini purukushani na watekaji ilimpotezea njia. Alilolipata ni maji karibu na ufuo wa kaskazini mwa kisiwa, mbele ya hoteli ya Le Galawa. Bawa la kushoto likagusa kwanza, na ndege ikakatika vipande.

Watu 125 walikufa kati ya 175. Miongoni mwao alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi na aliyeanza kazi yake Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia. Lakini nataka kuwatazama wale ambao kugonga maji hakukuwaua. Wengi walikuwa wamejaza hewa majaketi yao ya kuokolea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yakawainua mpaka darini, wasiweze kuzamia kuufikia mlango, na kile walichovaa ili waishi ndicho kilichowazuia. Abiria wa ndege huonywa juu ya jambo hili kabla ya safari, kwa maneno machache wasiyoyasikiliza.

Waliosalia hamsini hawakuokolewa na mpango wowote wa serikali. Walikuwapo watalii ufukoni, baadhi yao wazamiaji, tena walikuwapo madaktari waliokuja kupumzika; walikuwapo na Wangazija wenye vyombo vyao. Wakaingia majini dakika ile ile. Kama nahodha angefika maji yaliyo maili 10 mbele, ustadi wake ungekuwa ule ule na hesabu ya wafu ingekuwa nyingine kabisa.

Visa viwili vya ng'ambo husimuliwa mara nyingi kando ya hiki, nami nitavitaja kwa ufupi. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu yalikuwa yamepimwa kwa ratili badala ya kilo. Nahodha Robert Pearson, ambaye alikuwa rubani wa glaida, aliishusha salama katika uwanja wa zamani wa jeshi uliokuwa ukitumika kwa mashindano ya magari, mahali paitwapo Gimli. Na tarehe 15 Januari 2009, Chesley Sullenberger, naye mjuzi wa glaida, aliiweka Airbus juu ya mto Hudson, New York, baada ya mabata kuziharibu injini zake. Watu wote 155 walipona. Husemwa kwamba ni glaida iliyowaokoa, na ni kweli kwa kiasi chake. Lakini maji ya Hudson mwezi wa Januari huua kwa baridi, na vivuko vya abiria vya mto ule vilikuwa vimefika kwenye mbawa za ndege baada ya dakika chache. Manahodha wa vivuko hivyo ni nani wawajuao?

Sasa twarudi Ziwani. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilikuwa ikijaribu kutua Bukoba katika mvua na dhoruba. Ikaingia majini si mbali na uwanja. Lazima nieleze kwamba huku hakukuwa kutua kwa kuchaguliwa kama kwa Hudson. Ndege ilianguka katika safari yake ya mwisho ya kukaribia uwanja, na injini zilikuwapo. Lakini tangu ilipoyagusa maji, mas'ala ya mpokeaji yakawa yale yale: kuna watu ndani ya chombo kinachozama, na dakika zahesabika.

Pua ya ndege ilizama, mkia ukabaki juu. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Kijana mmoja miongoni mwao alisaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia lake, na abiria wakaanza kutoka kwenda mitumbwini. Kisha akajaribu kuwafikia marubani wawili waliokuwa wamezibwa na maji mbele, akaumia katika jaribio hilo hata akapoteza fahamu. Watu 24 walipona. Walikufa 19, na marubani wote wawili wamo katika hesabu hiyo.

Kijana huyo alisifiwa nchi nzima, na Serikali ikampa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sifa ilikuwa haki yake, wala sina neno juu yake. Lakini naona sifa zile zilimtenga kana kwamba ni mtu wa ajabu, na kwa namna hiyo zikaficha ukweli ulio mkubwa kuliko yeye. Kando ya ziwa hili, kutoka Mwaloni kwa Kirumba mpaka Bukoba na Musoma, hapana saa ya mchana wala ya usiku ambapo wavuvi hawapo majini. Wao ndio vivuko vya Hudson vya nchi yetu. Tofauti ni kwamba nahodha wa kivuko cha New York alikuwa na redio ya kumwita, na mafunzo ya kumtoa mtu majini, na jaketi la kumtupia. Mvuvi wetu alikuwa na kasia. Uwanja wa Mwanza uko karibu na maji kama ulivyo wa Bukoba, na wavuvi hupita mbele yake kila siku. Wafundishwe mlango wa ndege hufunguliwaje kwa nje, na mahali gani pa chombo kinachoelea hapafai kutobolewa. Gharama yake haifikii gharama ya taa za njia moja ya kurukia.

Jioni ya siku ile Bukoba ndege ilikuwa bado majini. Ilifungwa kamba, na watu waliokuwa wamesimama ufukoni, waliokuja na sare na waliokuja na nguo za kanisani, wakazishika kamba hizo wakaanza kuivuta kwa mikono.